Ulezi wa Ufipa

Neno ulezi lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni kazi ya kulea mtoto. Ya pili ni nafaka ndogo ambayo watu wa sehemu nyingine huiita wimbi. Huenda maneno haya yakutana kwa sauti tu, walakini katika uwanda wa Ufipa yalikaa nyumba moja kwa muda mrefu. Wafipa wa zamani walifukia majani katika matuta ya mviringo, yakaoza na kuitia rutuba ardhi isiyo na miti mingi, na humo wakapanda ulezi uliokuwa ugali wa wakubwa na uji wa wadogo. Siku hizi mahindi yametwaa kiti hicho. Mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974, huhesabiwa miongoni mwa maghala ya taifa, na baada ya mavuno malori yaliyosheheni magunia hutoka Sumbawanga kuelekea Tunduma na miji ya mbali.

Basi ni ajabu kubwa kwamba katika nchi ya magunia watoto hawakui inavyopasa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa Rukwa iliongoza mikoa yote kwa udumavu: watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao. Uchunguzi wa 2022 ulikuta 50 katika kila 100, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Iringa na Njombe, ambazo nazo ni ghala, ndizo pekee zilizoizidi. Ghala lililojaa ni mali ya mkulima. Chakula cha mtoto ni jambo jingine, nalo lategemea nani yuko nyumbani saa sita mchana, sufuriani mna nini pamoja na mahindi, na kama mama aliyetoka shambani jua likizama bado ana nguvu ya kuwasha moto wa pili.

Lakini urefu ni kitu kinachoonekana. Hupimwa kwa ubao, namba ikaandikwa, na mtawala akaisoma katika taarifa. Yako maendeleo mengine ya mtoto yasiyo na ubao wake: kukaa, kusimama, kugeuka aitwapo, kufuata kitu kwa macho, kutamka neno la kwanza, kucheza na wenzake. Mtoto aweza kuchelewa katika haya hali uzito wake ni mzuri. Na aweza kuwa mfupi hali akili yake ni kali kama wembe. Ufupi haufai kufanywa jina la ujinga, na wenye kuhubiri juu ya udumavu wangefanya vema kulisema jambo hili waziwazi, maana mtoto mfupi akisikia kila siku kwamba watu wa namna yake hawana akili, ataamini.

Na afikiriwe mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa katika kijiji kimojawapo kati ya Laela na Matai. Alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia. Muuguzi wa zahanati alifanya kazi yake, mtoto akapumua, mama akarudi nyumbani. Kila mwezi alipelekwa kupimwa uzito, na nukta katika kadi ya kliniki zilipanda polepole. Miezi tisa alichomwa chanjo ya surua. Miezi 18 akachomwa ya pili. Katika muda huo bibi yake aliona mambo mawili. Aliona kwamba mtoto alikaa akiwa amechelewa sana, na kwamba aligeuka alipomwona mtu, bali hakugeuka alipoitwa kwa nyuma.

Bibi ni mpimaji wa kwanza wa mtoto, na pengine aliye hodari kuliko wote, kwa kuwa amelea wengi na anao wa kulinganisha nao. Aliyoyaona hayana pa kuandikwa. Huyasema jikoni, naye hujibiwa kwamba ukoo wa baba nao ulichelewa kutembea. Pengine hunong'onezwa jambo baya zaidi. Jina la Sumbawanga hutafsiriwa na wenyeji kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Hata hivyo zingaliko nyumba ambamo mtoto aliyechelewa hutafutiwa mchawi kabla ya kutafutiwa mganga wa masikio. Mama akisikia mnong'ono huo humfunika mtoto wake zaidi, asionekane na watu. Huo ni upendo, nao humwondoa mtoto mbele ya macho ya wale ambao wangeweza kumsaidia.

Baada ya sindano ya miezi 18, safari za kliniki hupungua sana. Kadi hufungwa katika kitambaa na kuwekwa sandukuni pamoja na vitu vya thamani. Mtoto huyu hatakutana tena na mtu mwenye daftari mpaka afikishe miaka mitano hivi na kuingia darasa la awali. Kati ya daftari la zahanati na daftari la shule pana miaka mitatu na nusu, nayo ndiyo miaka ambayo ubongo hufanya kazi yake kubwa ya kujijenga na maneno huingia kama mvua ya masika. Kama miaka hii ingekuwa shamba, kila mmoja angesema ni la jirani.

Siku ya shule ikafika. Mwalimu wa darasa la awali ana watoto wengi kuliko mikeka. Aliita jina la msichana huyu mara tatu, naye akatazama dirishani. Kwa juma la kwanza mwalimu alidhani ni haya, kwa la pili ukaidi, na mwisho wa mwezi akamhesabu kuwa ni mzito. Hakuwa mwalimu mbaya. Hakuna aliyemwambia kuwa mtoto alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, wala kwamba sikio lake la kushoto lilitoka usaha kila msimu wa mvua. Habari ya kwanza ilikuwa katika daftari la zahanati, umbali wa mwendo wa nusu saa. Ya pili alikuwa nayo bibi. Afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ingekuwa kuziunganisha, anahudumia vijiji ambavyo vingine vipo chini ya Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa, na hawezi kuwa pahali pawili. Kila mmoja alishika kipande cha mtungi. Aliyekosekana ni wa kuvikutanisha.

Yasemwa mara nyingi kwamba hakuna faida ya kumtambua mtoto mapema ikiwa hakuna mtaalamu wa kumtibu. Hoja hii ina nguvu kidogo tu. Ni kweli kwamba wataalamu wa usemi ni wachache mno nchini, na wa tiba ya viungo hukaa zaidi katika hospitali za miji mikubwa. Lakini sikio litokalo usaha husafishwa na kutibiwa kwa dawa za kawaida kabla halijaharibika kabisa. Mtoto asiyesikia vema huketishwa mbele, na mwalimu akamgeukia anaposema. Uji huongezwa karanga, maharage yaliyosagwa, au dagaa ambao Ziwa Tanganyika huwatoa kwa wingi. Chumvi yenye madini joto hulinda ubongo wa mtoto tangu tumboni. Watu wa nyanda za juu waliujua uvimbe wa shingo uitwao rovu zamani kabla ya kuijua sababu yake. Wala mafundisho haya si mageni katika Ufipa. Adrian Atiman, aliyewahi kuwa mtumwa akakombolewa na kusomeshwa uganga, alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu wa pwani ile mpaka alipofariki mwaka 1956. Jina lake lipo katika hospitali moja ya Sumbawanga hata leo. Kazi yake aliifanya kwa miguu na kwa subira, katika nchi isiyokuwa na mashine.

Liko pia jambo la mchezo, ambalo wakulima wengi hulidharau na wataalamu wengine hulisahau. Katika Kingston, mji mkuu wa Jamaica, watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, walifuatwa kwa miaka miwili na Sally Grantham-McGregor na wenzake. Baadhi walipewa chakula cha kuongeza nguvu. Baadhi walitembelewa kila juma kwa muda wa saa moja na mhudumu wa afya, aliyemfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono. Na baadhi walipata yote mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991: chakula kilisaidia, mchezo ulisaidia, na waliopata vyote walipata zaidi. Miaka 20 baadaye, waliofundishwa mchezo walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa robo. Saa moja kwa juma si mali nyingi. Gunzi la hindi, kifuniko cha chupa na kibao kilichokatwa na fundi vyapatikana katika kila kijiji cha Nkasi na Kalambo.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitoa mwaka 2008 taarifa ya kipimo cha maendeleo ya watoto wadogo kilichotengenezwa kwa ajili ya mazingira ya huko, na Malawi, jirani wa Tanzania kwa upande wa kusini, nayo ilipata chake mwaka 2010. Sababu ni wazi. Mtoto ambaye hajapata kuona kitabu cha picha akishindwa kuonyesha picha ya mashua hajathibitisha lolote ila ugeni wa kitabu. Kenya ilitangulia tena mwaka 1984 ilipoanzisha, kwa msaada wa Denmark, vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, ambako mzazi hukutana na mwalimu aliyejifunza kazi hiyo na kuelekezwa hospitali au shule inayofaa. Havikukosa upungufu, lakini mzazi alijua mlango wa kubisha.

Tanzania nayo haikulala. Desemba 2021 ilizinduliwa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na neno jumuishi ndilo lililobeba mzigo wote: afya, lishe, ujifunzaji, ulinzi na malezi yasiende kila moja kwa njia yake. Wakuu wa mikoa walikwisha kutia saini mkataba wa lishe mwaka 2017, wakautia tena mwaka 2022, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 zisizopungua kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Haya ni mema. Karatasi zilizoandikwa vizuri husaidia, kwa sababu diwani aweza kuzishika mkononi na kuuliza fedha iko wapi. Lakini karatasi iliyotoka Dodoma hufika Sumbawanga ikagawanyika tena: ukurasa wa afya huenda kwa mganga mkuu, wa elimu kwa afisa elimu, wa ustawi kwa afisa ustawi, nao hukutana kikaoni kila robo ya mwaka kusomeana taarifa. Katika taarifa hizo yapo mafungu ya watoto, na hakuna jina la mtoto hata mmoja.

Jina ndilo linalotakiwa. Mganga, mwalimu na mhudumu wa afya wa kijiji wakiwa na orodha moja fupi ya watoto wanaotiliwa shaka, kazi imekwisha kuanza. Orodha hiyo ina hatari yake, kwani kijijini jina likitiwa katika karatasi huweza kugeuka kuwa lakabu, na lakabu ya utotoni humfuata mtu mpaka kaburini. Kwa hiyo iwe mikononi mwa wachache, iandikwe aliyoyaona mlezi bila kumpa mtoto cheo chochote, na mtoto afutwe siku anapowafikia wenzake. Bibi naye aulizwe. Swali moja kwa bibi lingejaza nusu ya orodha.

Wapi watu hawa wakutane? Mahali papo tayari. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, watoto wa chini ya miaka mitano hukusanywa nchini kote kwa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo karibu watoto wote wa ile miaka mitatu na nusu hutoka nje wakaonekana. Lakini Juni na Desemba ndiyo miezi ya likizo ya shule. Mwalimu wa awali, ambaye angeketi kando ya meza ya matone na kuwatazama wanafunzi wake wa miaka ijayo, amekwenda kwao. Mama naye Desemba yupo shambani akipanda, na Juni yupo shambani akivuna. Waliopanga kalenda ya afya hawakukosea, wala waliopanga ya shule hawakukosea. Hawakuwahi kukaa meza moja.

Iko kalenda ya tatu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huadhimishwa kila robo ya mwaka, na kwa hiyo mara mbili yaweza kuwekwa shule ikiwa wazi. Ile ya Septemba ingefaa kuliko zote. Mahindi yamekwisha kuingia ghalani, mvua hazijaanza, njia ya kupandia Lyamba lya Mfipa ni kavu, na mwalimu bado ana miezi mitatu kabla ya kuwapokea watoto wa Januari. Ampe muuguzi daftari lake, na muuguzi ampe mwalimu lake.