Enzi za /bin Ndogo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, sisi tuliotunza seva za Linux Dar es Salaam tulijua kwa moyo kipi kinakaa /bin na kipi kinakaa /usr/bin. Umeme ndio uliotufundisha. Ulikatika usiku, betri za akiba zikaisha, na mashine ikiwaka tena unakuta faili zimevurugika. Patisheni ya mzizi tuliifanya ndogo makusudi, /usr ikawa na yake kubwa. Hiyo kubwa ikigoma, ulibaki na vilivyomo /bin na /sbin: sh, ls, cp, grep, mount, fsck.

Kwenye Debian zetu kihariri vi kilikaa /usr/bin, kwa hiyo saa kama hiyo hakikuwapo. Kilichokuwapo ni ed. Unaufungua kwanza mzizi uandikike, kisha unarekebisha /etc/fstab mstari mmoja baada ya mwingine. Ukikosea, ed inakujibu kwa alama ya kuuliza tu. Asubuhi inakaribia na ofisi nzima itataka barua pepe. Kaka zetu kazini walitushurutisha kuijua ed kabla ya kutukabidhi funguo za chumba cha seva, nami nawashukuru hadi leo.

Mpangilio ule tuliupokea kama sheria, kumbe ulizaliwa na uhaba wa nafasi. Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika makala yao ya Unix ya 1974, walieleza PDP-11 ya Bell Labs ambayo kati ya diski zake moja ilikuwa ya megabaiti 1 na nyingine nne za megabaiti 2.5 kila moja. Programu zisizoenea kwenye diski ya mfumo zilipelekwa /usr, palipokuwa na saraka za watumiaji. Lakini mount haikuweza kuhama: diski huwezi kuiunganisha kwa amri iliyofungiwa ndani yake.

Diski zikakua, mgawanyo ukabaki. Kilichouondolea sababu ni initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa kwenye RAM kabla ya mzizi, wenye zana zake wenyewe. Tena zana nyingi za kuamshia mashine zilikuwa tayari zinategemea maktaba zilizomo /usr, hivyo mzizi mdogo haukuweza tena kusimama peke yake. Fedora 17, mwaka 2012, ikaigeuza /bin kuwa kiungo cha kwenda /usr/bin. Debian walibishana miaka, hadi toleo la 12 la 2023 lilipoufanya muungano huo kuwa wa lazima. FreeBSD bado wanatenganisha, na wana /rescue yenye zana zisizohitaji maktaba yoyote ya nje.

Naona muungano ni sahihi. Ila zana za uokoaji lazima ziwe mahali panapofikika /usr ikiwa imekufa. Wewe unayetunza seva ya Debian iliyo mbali, kabla ya kuizima na kuiwasha, endesha lsinitramfs uhakikishe fsck ya mfumo wako wa faili imo kwenye initramfs.