Nilimtengenezea mzee treni yake, akaiuza!

Usicheke, msomaji wangu. Desemba 2022 nilipanda ndege kwenda Ujerumani kumtembelea dada yangu, kichwani nikiwa na ndoto zote za kijana wa Dar anayekwenda majuu: disko, theluji, na picha za kuwarusha roho washikaji wa Kinondoni. Nikaishia kukaa siku sita chini ya ardhi, kwenye stoo ya baba mkwe wa dada, nikifungua treni za kuchezea kwa bisibisi yenye mdomo mwembamba kama sindano ya cherehani. Na ukinipa tiketi nyingine leo, nitarudi stoo ileile.

Mji wenyewe unaitwa Göppingen. Ukitoka Stuttgart unapanda treni ya kuelekea Ulm, na kabla ya saa moja kwisha umeshafika. Si mji mkubwa. Umelala kwenye bonde la mto Fils, na kwa mbali unakiona kilima cha Hohenstaufen, mita 684, kimesimama peke yake kama kichuguu. Siku zile kilikuwa cheupe pe. Baridi ndiyo usiseme. Ikifika saa kumi na moja jioni giza totoro, watu wamejifungia, barabara tupu, mpaka unajiuliza kama kuna tangazo la hatari ambalo wewe hukulisikia.

Lakini kwa watu wanaopenda treni ndogo, Göppingen ndiyo kwenyewe. Hapo ndipo ilipo kampuni ya Märklin, iliyoanza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vya bati vya nyumba za midoli. Mwaka 1891 wakapeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni inayopita kwenye reli za vipimo maalumu, ambazo mtoto angeweza kuziongeza kipande kwa kipande kila Krismasi. Baba akishanunua mara ya kwanza, amekwisha! Mwaka 1935 wakaleta saizi iliyokuja kuitwa H0, ambayo ndiyo mzee wetu anayo. Hesabu yake ni rahisi: chukua treni ya kweli, gawanya kila kitu kwa 87. Reli ya kweli ya kule ina upana wa milimita 1,435. Gawanya kwa 87 unapata 16.5. Na kama hiyo haikutoshi, mwaka 1972 wakatoa ndogo zaidi, Z, unagawanya kwa 220. Upana wa reli unakuwa milimita 6.5, treni inaweza kupita juu ya ukucha wako wa dole gumba.

Mambo hayakuwa mteremko siku zote. Februari 2009, mwaka uleule kampuni ilipokuwa inatimiza miaka 150, ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Mwaka 2013 ikanunuliwa na watu wa Simba-Dickie, wenye biashara kubwa ya midoli, na mpaka leo inaendelea. Wana makumbusho mazuri pale mjini, nilikwenda asubuhi moja. Sitakudanganya, nusu ya niliyoyaona nimeshayasahau. Makumbusho kila kitu kiko nyuma ya kioo. Stoo ya mzee haina kioo.

Mzee huyo familia nzima inamwita Opa, yaani babu. Alizaliwa 1951, amefanya kazi ya mashine kiwandani maisha yake yote. Siku ya kwanza niliinama kumpa heshima yake, dada akanivuta shati. "Mdogo wangu, shikamoo yako huku haina mwenyewe. Mpe mkono, umtazame usoni."

Nikampa mkono. Ndipo nikahisi. Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka ndani ya wangu kama ndege uliyemkamata.

Basi kisa chenyewe ni hiki. Nyumba ilikuwa inauzwa, mzee anahamia fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, haina stoo. Watoto wake hawataki treni. Mume wa dada, shemeji yangu, alisema wazi kwamba yeye utotoni alizisikia zikizunguka mpaka akazichukia. Kulikuwa na mnunuzi anakuja Jumamosi kuchukua vyote, na vichwa vya treni vilikuwa 12. Tatizo, vingi havikuwa vimetembea kwa miaka. Kichwa kinachokwenda na kichwa kilichokufa, bei yake ni mbingu na ardhi. Zamani mzee angevifungua mwenyewe kwa wikiendi moja. Sasa bisibisi ikigusa skrubu, inachora bodi badala ya kuingia.

"Huyu mdogo wangu ni fundi wa redio," dada akasema.

Jamani! Ukweli ni kwamba nilikaa miaka miwili kwenye kibanda cha mjomba pale Kariakoo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumulika tochi na kutumwa chai. Lakini ningesema nini mbele ya ukweni? Nikatikisa kichwa kifundi-fundi, tukashuka ngazi.

Stoo ilikuwa na joto, taa nyeupe, meza ndefu iliyotandikwa taulo jeupe la kuogea. Nilidhani taulo ni usafi tu wa Kizungu. Kumbe lina akili: kitu kidogo kikianguka kwenye taulo hakidundi wala hakiviringiki, na cheusi kinaonekana. Mjomba kule Kariakoo angelijua hilo, tusingekuwa tunapekua vumbi kila siku.

Kichwa cha kwanza kilikuwa cheusi, cha mvuke, magurudumu sita, aina ambayo Wajerumani wanaiita BR 89. Kinakaa kiganjani, lakini kina uzito. Mzee alipewa na baba yake Krismasi ya 1959, akiwa na miaka minane. Alikiweka relini, akazungusha kitufe cha umeme. Taa ya mbele ikawaka. Kichwa kikanguruma, ng'ooo, kama mbu kwenye chupa, hakikusogea hata nywele.

Dada akatafsiri: "Anasema hakijafa. Kimelala tu."

Kesho yake dada akaenda kazini, tukabaki wawili na maneno matatu ya kueleweshana: gut, yaani sawa; nein, hapana; na langsam, polepole. Hilo la tatu nililisikia labda mara mia.

Unafungua skrubu moja, bodi inachomoka nzima kama kofia. Ndani hakuna maajabu, na hapo ndipo nilipopata nguvu, maana nilikutana na sura ninazozifahamu. Mota ni mota. Kuna sumaku ya nyaya, kuna kitu kinachozunguka katikati, kuna brashi mbili zinazopeleka umeme kwenye kitu hicho: moja ya kaboni, nyingine ya nyuzi za shaba zilizosokotwa. Zote zinasukumwa na springi za waya mwembamba. Chini ya tumbo kuna kibati kirefu kinachosuguana na nukta za chuma zilizo katikati ya reli. Umeme unapanda kwa kibati, unarudi kwa magurudumu. Umeme wenyewe volti 16, ukiugusa hukuui. Ukitaka kichwa kirudi nyuma, unazungusha kitufe kupita sifuri, kinatuma volti kama 24 kwa mara moja, swichi ndani inagonga tak! na mwelekeo unabadilika. Hakuna kompyuta wala nini.

Ugonjwa ulikuwa mafuta. Miaka mingi kwenye boksi, mafuta ya zamani yanakauka na kugeuka utomvu, kama gundi ya mwembe. Gia zimeshikana, mota inahangaika, haizunguki. Wengi hapo wanakosea, wanaongeza mafuta mengine juu. Mzee aliona mkono wangu unaelekea kwenye chupa, akaukamata. Nein! Kwanza unatoa uchafu wote kwa spiriti na vijiti vya pamba vya masikio. Pale kwenye duara la shaba ambapo brashi zinasugua kuna mifereji mitatu myembamba. Unaichokonoa kwa kijiti cha meno, si kwa chuma, utaikwaruza. Kisha mafuta: unachovya ncha ya sindano, unagusa mwisho wa ekseli, basi. Ukimwaga, yanapanda mpaka kwenye brashi, yanachanganyika na unga wa kaboni, unatoka uji mweusi na unaanza upya. Haki ya Mungu nimewaona mafundi wa pikipiki pale Magomeni wanaomimina oili kama wanapika maandazi, sasa nawatazama kwa jicho jingine.

Kasheshe ilikuja wakati wa kubadilisha brashi. Nilikuwa nimeshika springi kwa kibano, nikajiona fundi, nikapumua kidogo tu. Pyuu! Springi ikaruka, taulo halikusaidia.

Mzee hakusema neno. Alizima feni ya hita, akanyanyua kidole nisisogee. Tukakaa kimya kama watu wanaosubiri nyoka. Halafu akachukua sumaku iliyofungwa kwenye kijiti, akanipa, nikapiga magoti. Robo saa. Nusu saa. Sakafu yote, chini ya kabati, ndani ya maboksi. Jasho linanitoka Desemba, Ujerumani! Nilikuwa nafikiria jinsi ya kumwambia dada kwamba urithi wa 1959 nimeuua siku ya kwanza. Mzee ndiye aliyeiona. Ilikuwa imenasa kwenye sweta langu, kifuani. Akanionyesha kwa kidole kinachotetemeka, akacheka mpaka akakohoa.

Tulifunga. Nikaweka kichwa relini mwenyewe. Kitufe. Kikanguruma, kikashtuka, kikaenda sentimita kumi, kikasimama. Moyo ukashuka. Mzee akakisukuma kwa ukucha. Kikaondoka. Mzunguko wa kwanza kwa kuchechemea, wa pili afadhali, wa tatu kinaimba kabisa. Harufu ikatoka, mafuta ya moto na cheche, harufu ya kibanda cha mjomba. Mzee aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na reli, na kila kikipita alikuwa anageuza kichwa kukifuata, kama mtoto.

Siku zilizofuata zilikwenda haraka. Taa zilizoungua, mipira ya magurudumu iliyolegea, waya uliokatika karibu na kibati. Tukipumzika tunakunywa kahawa, na dada akiwepo mzee ananiuliza habari za treni za nyumbani. Nikamwambia wazee wake ndio waliotandika reli ya kati, walianza Dar mwaka 1905, mwaka 1914 wakafika Kigoma, upana mita moja kamili. Akatoa penseli hapohapo: 1,000 gawanya kwa 87, kumi na moja na nusu. Akasema karibu sana na milimita 12, saizi ambayo kampuni ya Bemo ya mji jirani wa Uhingen inatengeneza kwa ajili ya treni za milima ya Uswisi. Kumbe treni ya Kigoma ingeweza kuzunguka stooni kwake. Nikamwambia pia tunajenga mpya, ya umeme, milimita 1,435 kama yake. Hiyo ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, nadhani wengi mnaosoma hapa mmeshaipanda.

Kufika Ijumaa vichwa 11 vilikuwa vinakwenda. Kilichobaki ni cha kijani, cha kabla ya vita, alichorithi kwa baba yake. Hicho hakina dawa. Zamani madini ya zinki yakichanganyika na risasi wakati wa kuyeyusha, chuma kinajila chenyewe taratibu kwa miaka. Kinavimba, kinapasuka, mwisho unakishika kinamomonyoka kama biskuti kwenye chai.

Jumamosi saa nne mnunuzi akaja, mtu wa makamo, koti la kijani. Hana maneno. Anaweka kichwa relini, anainamisha sikio, anaandika bei. Cha kijani alikisogeza pembeni kwa kidole kimoja. Kilipofika cheusi cha 1959, kilizunguka vizuri kuliko vyote. Nikamtazama mzee nikisubiri aseme hiki hakiuzwi. Alichukua gazeti, akaanza kukifunga mwenyewe. Karatasi inatetemeka, gazeti linachanika, anaanza upya. Nikataka kumsaidia, dada akanishika mkono.

Hela ikahesabiwa. Gari likaondoka.

Usiku mezani nilikuwa na hasira, sijui na nani. Nikamwambia dada kwa Kiswahili: "Ningejua, ningekiacha kibovu. Kingebaki." Nikamwomba asitafsiri. Akatafsiri! Shemeji akatazama sahani yake.

Mzee aliweka kijiko chini, akasema maneno machache.

"Anasema kingebaki, lakini kingekuwa jiwe," dada akasema. "Anasema sasa kuna mtu anakisikia."

Kisha akainuka, akatangulia kwenda stooni, nami nikamfuata. Rafu ilikuwa tupu, vumbi limebaki na umbo la maboksi. Akatandika taulo, akakiweka katikati kile cha kijani kisicho na dawa, akaivuta taa upande wangu, akanipa bisibisi.

"Langsam," akasema.