Si Kila Atetemekaye ni Mwoga

Kambini na kituoni, mtu atokwaye na jasho na kutetemeka bila sababu ya kuonekana hupewa jina upesi: mwoga. Jina hilo huweza kuwa dhuluma.

Juu ya kila figo mna tezi ndogo. Hizo ndizo zitoazo adrenalini, imwandaayo mtu kupigana au kukimbia. Kwa watu wachache sana huota humo uvimbe uitwao feokromositoma, nao humwaga adrenalini ovyo. Moyo hwenda mbio, kichwa huuma, uso hupauka, na shinikizo la damu hupanda ghafula. Kisha yote hutulia, na mgonjwa huonekana mzima.

Mwaka 1886, mjini Freiburg, Ujerumani, daktari Felix Fränkel alieleza habari za Minna Roll, msichana wa miaka 18, aliyepatwa na vipindi vya namna hiyo hata akafa. Maiti ilipopasuliwa, uvimbe ulikutwa katika tezi zote mbili.

Tena uvimbe huu hujigeuza. Huyu huumwa tumbo tu; yule hupanda sukari, akatibiwa kisukari; mwingine hudhoofika moyo. Wako pia wasioonyesha dalili mpaka wapasuliwapo kwa ugonjwa mwingine, shinikizo likapanda hata kuhatarisha maisha.

Jenerali Dwight Eisenhower, aliyeongoza majeshi yaliyotua Normandy mwaka 1944 na baadaye akawa Rais wa Marekani, alisumbuliwa miaka mingi na shinikizo la kupanda na kushuka. Uvimbe wa kiasi cha sentimita 1.5 ulionekana baada ya kufariki kwake mwaka 1969. Hakuna aliyethubutu kumwita mwoga. Hata hivyo, madaktari wake hawakuutambua alipokuwa hai.

Ni kweli kwamba wengi watetemekao hawana uvimbe huu. Lakini vipindi vikirudi, mgonjwa apimwe shinikizo wakati ule ule vinapomshika, si baada ya kutulia. Mke aonaye mumewe akiamka usiku amelowa jasho aandike siku na saa, ampe daktari. Kipimo cha damu, au cha mkojo uliokusanywa kwa saa 24, huweza kuufichua. Na kwa kuwa katika baadhi ya koo hurithiwa, ndugu nao huulizwa.

Ukipatikana, dawa za kulegeza mishipa hutangulia, ndipo upasuaji. Wengi hupona, wakarudi kazini na heshima yao.