Usimlaumu Mtoto Kabla Hujaitazama Saa ya Kompyuta

Ikiwa una mtoto na una kompyuta nyumbani, huenda tayari umeweka humo programu ya kumchunga: ile inayofunga tovuti chafu, inayohesabu saa za michezo na kuifunga mashine wakati wa kulala unapofika. Sina ugomvi nayo. Nimekaa nayo nyumbani kwangu miaka mingi. Lakini programu hii ni sawa na bawabu mkali: siku akikosea humzuia hata mwenye nyumba, na hapo ndipo kidole huelekezwa kwa mtoto.

Hebu nikusimulie yaliyompata jirani yangu hapa Buruburu. Ana kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa mtumba kutoka Uingereza. Aliweka programu hiyo ili kijana wake, aliye kidato cha tatu, aitumie kuanzia saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku. Ikawa kila stima ikipotea, kijana akiiwasha mashine baadaye, hata kama ni saa kumi na moja jioni, huambiwa kwamba saa zake zimekwisha. Baba naye akiingia kwa akaunti yake, kila tovuti humwonya kuwa muunganisho si salama: benki, barua pepe, hata gazeti. Akakata shauri kwamba mwana ameichokora programu ili aivunje, na katika kuchokora huko akaiharibu mashine. Kijana aliapa, akalia. Nilipoitwa, begi lake lilikuwa tayari limefungwa mlangoni, apelekwe mashambani kwa nyanyake akamalizie masomo huko.

"Anko, haki ya Mungu sijaigusa," aliniambia kwa sauti ya chini, baba yake akiwa ametazama kando.

Niliangalia pembe ya chini ya kioo, upande wa kulia. Iliandikwa tarehe 1 Januari 2012, saa sita na dakika nane usiku. Nje jua lilikuwa likiwaka.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu. Jina lake kwa kawaida ni CR2032, ya volti 3, na kazi yake ni kuiendesha saa wakati stima haipo. Hudumu miaka kadhaa kisha hufa. Ikifa, mashine ikikatiwa stima husahau leo ni siku gani, ikairudia tarehe ya zamani iliyowekewa kiwandani. Programu nyingi za kuchunga watoto hazina macho ya kulitazama jua. Huitazama saa ya mashine. Zikiona ni usiku wa manane, hufunga. Tovuti nazo hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayodhani tungali 2012 huviona vyeti vya leo kuwa havijaanza kazi. Ni kweli kwamba Windows hujisahihisha saa kupitia mtandao, lakini kosa likiwa la miaka mingi, kwa kawaida haithubutu kuliruka pengo hilo yenyewe.

Nilimweleza jirani yangu jambo lingine. Akaunti ya mtoto, ikiwa ni ya mtumiaji wa kawaida, haiwezi kubadilisha tarehe bila nenosiri la msimamizi, na nenosiri hilo alikuwa nalo baba peke yake. Tena, hata kama kijana angeweza, ni nani mwizi anayevunja kufuli ili ajifungie nje? Mtoto mjanja angeisogeza saa iwe alasiri siku nzima. Baba alinyamaza kitambo, kisha akalibeba begi lile mwenyewe akalirudisha chumbani. Betri tuliipata kwa fundi wa saa, kwa pesa zisizofika nauli ya kwenda mjini na kurudi. Tulichomoa waya wa stima kwanza, tukaibadilisha, tukaiweka saa sawa, na kazi ikaisha.

Bila shaka si kila hitilafu ni ya saa. Kwangu ilikuwa tofauti. Watoto walipokua niliiondoa programu, na mara moja intaneti ikakatika katika kompyuta ile, ilhali simu zetu zilikuwa zikifungua kila kitu kwa Wi-Fi hiyo hiyo. Fundi mmoja alitaka kuifomati. Jihadhari na neno hilo! Picha za harusi, madokezo ya shule na hesabu za chama hupotea zote kwa sababu ya jambo dogo. Baadhi ya programu hizi hujiweka katikati ya kompyuta na mtandao, kila ombi lipitie kwao likaguliwe. Huitwa proksi. Ukimfuta kazi bawabu lakini ukaacha amri kwamba kila barua akabidhiwe yeye, barua hazitafika. Fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya mtandao, utafute proksi. Ukiikuta imewashwa nawe hukuiweka, izime. Mtandao ukiendelea kukataa, fungua dirisha la amri ukiwa msimamizi, uandike netsh winsock reset, kisha uiwashe mashine upya. Kwangu proksi pekee ilitosha.

Wakati mwingine kosa ni la wenye programu. Mnamo Juni 2025 kichujio cha familia cha Microsoft kilianza kuizuia Chrome isifunguke. Dawa ya muda ilikuwa kukizima kichujio cha tovuti. Kwa hiyo, kabla hujamwita mtoto barazani, ingia kwa akaunti yako uone kama hitilafu ipo huko pia, na ujaribu tovuti ile ile kwa simu. Tena usiweke programu mbili za ulinzi zenye vichujio. Zitagombana zenyewe kwa zenyewe na mashine itatambaa kama konokono.

Kuna tatizo ambalo fundi hawezi kulitibu. Vichujio vingine hutazama herufi bila kuelewa maana. Mnamo 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walishindwa kujisajili na kampuni ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna herufi za neno chafu la Kiingereza. Leo mwanafunzi anayesoma uzazi katika somo la biolojia aweza kufungiwa ukurasa ule ule aliotumwa na mwalimu, na huku matusi ya Kiswahili na Sheng yakipita bila kubishiwa hodi, maana kichujio kilifunzwa Kiingereza. Mtoto akija kukwambia, "Baba, imenifungia homuwaki," keti naye muufungue ukurasa huo pamoja kwa akaunti yako. Ukiwa safi, uandike katika orodha ya tovuti zinazoruhusiwa. Karibu kila programu ina orodha hiyo, na kuijaza huchukua dakika mbili.