Simu Yangu ya Kale

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii niliishika kama ngao kwa muda wa miaka mitatu. Kila mara simu yangu iliponiarifu kuwa toleo jipya la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote, lilikuwa tayari, nililikataa. Nilikuwa na sababu. Simu niliyokuwa nayo kwanza ilipokea toleo jipya ikawa nzito kama kobe apandaye kilima. Nikaapa kuwa chombo kizima hakihitaji fundi.

Asubuhi moja programu tuliyoitumia kupashana habari katika jamaa yetu ilikataa kufunguka. Iliniambia kuwa mfumo wangu umepitwa na wakati. Nilicheka, nikaiweka simu mezani, nikaenda kazini. Siku ya tatu jirani alinipa pole kwa ugonjwa wa mama. Ugonjwa gani? Mama alikuwa amelazwa hospitali tangu juzi. Habari ilikuwa imetolewa kwa jamaa wote mahali pamoja, na kila mmoja alidhani kuwa nimekwisha kuisoma. Usiku ule nilikubali toleo nililolikataa kwa miaka mitatu. Kazi yote ilichukua nusu saa.

Sisemi kuwa hofu yangu ilikuwa ya kipumbavu. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kuwa matoleo yake mapya yalipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa, ili zisizimike ghafla. Walionung'unika kuwa simu zao zimekuwa goigoi hawakuwa waongo. Basi mwenye kusita ana haki ya kusita.

Lakini kusita ni jambo moja, na kukataa daima ni jambo jingine. Toleo jipya halileti mapambo tu. Huleta pia viraka vya kuziba nyufa ambazo wezi hupenyea. Kompyuta ni ndugu ya simu, na yaliyoipata yatufunze. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja katika mfumo wake wa Windows. Wengi hawakukitia. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika ufa huo, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, kijana msomaji, nakupa shauri nililolinunua kwa aibu. Kiraka cha usalama usikikatae hata siku moja. Toleo kubwa unaweza kulingoja majuma machache, usikie wenzako wamepatwa na nini. Kisha weka nakala ya picha na maandishi yako mahali pengine, ujaze betri, ndipo ulipokee. Kama simu yako ni nzee hata mtengenezaji ameacha kuiletea viraka, usione haya kuwa nayo, maana umaskini si kosa. Lakini usiiaminishe fedha wala siri zako. Na siku utakapojaliwa kununua nyingine, usiulize rangi yake kwanza. Uliza itapata viraka kwa miaka mingapi. Tangu 2023 wako watengenezaji walioahidi miaka saba kwa baadhi ya simu zao.

Mama alipona. Nilipofika kando ya kitanda chake hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, ulikuwa wapi?" Nilikuwa karibu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuwa na jibu jingine ila kwamba nilikuwa nimeufunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe, nikauita ukaidi wangu busara.