Dereva Aliniambia

Dereva yule alifukuzwa kazi kwa kosa langu, na leo nalisema.

Alikuwa akiendesha Canter ya tabo inayopakia ndizi Lupepo kupeleka Mbeya. Alikuja gereji akaniambia: likiwa na mzigo, gari linaupanda mlima wa Isongole kwa shida, linatoa moshi mweusi, na kila akikanyaga mafuta anasikia kitu kinapuliza kwenye injini. Hilo la mwisho sikulisikiliza. Niliingia uvunguni, nikakuta sailensa imeoza, maana mvua za Tukuyu hazina huruma na bati, nikajiridhisha kwamba ugonjwa nimeuona.

Nilikata bomba lote la nyuma, nikachomelea la gari dogo nililolipata kwenye vyuma chakavu. Lilikuwa jembamba, lakini nilijiambia ekzosi ni njia ya kutupia uchafu tu.

Kumbe kwenye injini ya tabo moshi huo bado una kazi. Unatoka kwenye silinda ukiwa na msukumo na joto, ambalo kwenye mlima mkali laweza kufika nyuzi 700, unapiga feni ya tabo, na shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Feni ya upande wa pili ndiyo inayoshindilia hewa safi kwenye injini. Ili tabo izunguke vizuri, moshi uwe na msukumo mkubwa kabla yake na mdogo baada yake. Mimi nilikuwa nimeibana njia ya kutokea.

Gari likazidi kuwa zito. Badala ya kujikagua, niligusa pampu, nikaongeza dizeli. Dizeli isiyo na hewa ya kutosha haiungui yote: moshi ukawa mzito zaidi, joto likapanda, tabo ikafa.

Tajiri mwenye gari alipouliza, nilimwambia dereva huzima injini ingali ya moto, oili inaungulia kwenye shafti. Jambo hilo huua tabo kweli, ndiyo maana uongo wangu uliaminika, dereva akafukuzwa.

Nilipoishusha tabo nikakuta gasketi kati yake na manifodi imepasuka, masizi yamechora mstari mweusi hadi nje. Msukumo ulikuwa ukivujia hapo tangu mwanzo, na ndiyo sauti aliyoniambia dereva. Nikanyamaza.

Baadaye nilishindwa kuubeba uongo ule. Nilimweleza tajiri yote, nikalipia tabo nyingine kidogo kidogo. Dereva nilimpigia simu kumwomba radhi. Alijibu, “Fundi, si nilikuambia?” akakata.

Mafundi wenzangu, gari la tabo likikosa nguvu, hakikisheni kwanza kwamba kabla ya tabo hapavuji na baada yake hapajabanwa. Pampu iguswe mwisho. Na dereva akisema amesikia sauti, pandeni naye mlima mkaisikie wote wawili.