Kutoka Harare hadi Posta: Daftari la Majengo

Harare. Saa saba mchana jua linachoma barabarani, lakini ndani ya Eastgate hewa bado ni ya alfajiri. Na ni ya alfajiri kweli. Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Old Mutual, kampuni ya bima na uwekezaji. Msanifu wake ni Mzimbabwe Mick Pearce, na wahandisi walikuwa Arup. Ni majengo mawili ya ghorofa tisa yaliyolala sambamba, katikati yake umeachwa ua mrefu ulioezekwa kwa vioo, na juu ya paa zimejipanga dohani za matofali. Viyoyozi vya kawaida hakuna. Usiku, mji ukishapoa, feni kubwa huvuta hewa baridi na kuipitisha chini ya sakafu, kwenye nafasi zilizoachwa ndani ya zege, na zege hilo hulala likinywa ubaridi. Mchana feni hupunguzwa kasi. Hewa hupita taratibu juu ya zege lile na kutokea kwenye matundu ya chini, karibu na madirisha. Joto la watu na kompyuta hupanda darini, likaishia kwenye dohani.

Nilichuchumaa nikaweka kiganja kwenye tundu mojawapo. Upepo wake ni mdogo kiasi kwamba karatasi haipeperuki, lakini ni baridi. Mama mmoja wa ofisi ya uhasibu akaniona, akanionyesha kabati la mafaili lililosimama mbali kidogo na ukuta. Alipohamia alilibana kwenye tundu, akaambiwa alisogeze. Sasa akija mfanyakazi mgeni, yeye ndiye anayemwambia. Nililiandika jambo hilo kabla ya takwimu zozote, maana ndilo nililokuwa nalitafuta: kanuni ya mwenye jengo iliyogeuka kuwa kanuni ya mpangaji.

Pearce alivutiwa na vichuguu vya mchwa. Baadaye wanabiolojia walionyesha kwamba kichuguu hakipumui kama ilivyodhaniwa wakati ule, ila jengo linapoa vilevile. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wazo lilianzia kwa mwenye fedha. Old Mutual hawakutaka kubeba gharama ya kununua na kutunza mitambo ya kupooza hewa, na kwa kutoiagiza kutoka nje inasemekana waliokoa takriban dola milioni 3.5 katika ujenzi wa dola milioni 36. Pearce anasema Eastgate hutumia nishati pungufu kwa asilimia 35 kuliko wastani wa majengo sita ya kawaida ya mji huohuo. Katika nchi ambako maji ya bwawa la umeme la Kariba yakishuka umeme hukatika kwa saa nyingi, jengo lenye mahitaji madogo linahitaji pia jenereta ndogo na dizeli kidogo. Mpangaji haelezwi faida hiyo kwa hotuba, anaiona kwenye ada anayolipa.

Nairobi. Huku mlango ulioingiza uendelevu ni mkopo. Oktoba 2019 kampuni ya Acorn, inayojenga hosteli za wanafunzi, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 4.3 za Kenya, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki, na Januari 2020 ikaorodheshwa pia kwenye soko la hisa la London. Wawekezaji walitaka majengo yenye cheti cha EDGE, kinachotolewa chini ya IFC ya Benki ya Dunia. Ili kukipata wakati huo, jengo lilitakiwa kuonyesha kupunguza angalau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati, maji, na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Mkopeshaji akiuliza swali, mkurugenzi wa fedha hana budi kulijibu, na nina hakika swali hilo moja limebadilisha michoro mingi kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Kwenye barabara ya Thika nilisimama kwenye jengo la maduka la Garden City. Paneli za jua zimefunika maegesho ya magari, zenye uwezo wa kilowati 858. Zinazalisha umeme na papo hapo zinayapa magari kivuli. Ni jambo zuri, na anayeegesha gari pale huliona hata kama haelewi kilowati ni nini.

Lakini katika jengo jingine la ofisi, mjini humohumo, nilikuta cheti kimewekwa kwenye fremu mapokezi, chini yake viyoyozi vinapuliza kwenye ukumbi ambao milango yake imezuiwa isifunge. Nairobi iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na asubuhi ile watu walikuwa na makoti. Nilimuuliza mlinzi kwa nini mlango haufungwi. Akasema wageni wengi, unachosha. Fundi wa zamu naye akaniambia hajawahi kuonyeshwa bili ya umeme ya jengo analolitunza, inakwenda moja kwa moja ofisi kuu. Hapo ndipo cheti kinapoishia. Kinapima jengo kama lilivyochorwa na kujengwa. Mtu anayeshika swichi kila siku hakuna aliyemhesabu, na mimi simlaumu. Mtu atatunzaje kitu asichoonyeshwa ukubwa wake?

Sydney. Nilipita huku kwa shughuli nyingine, lakini ndiko nilikopata jibu la fundi wa Nairobi. Wana mfumo uitwao NABERS, ulioanza mwaka 1998 katika jimbo la New South Wales kwa jina jingine. Jengo hupewa nyota, mwisho sita, kwa kusoma matumizi halisi ya miezi 12. Michoro na ahadi havihesabiwi, na mwaka ukiisha unapimwa upya, kwa hiyo nyota unaweza kuzipoteza. Tangu 2010 sheria inamtaka mwenye ofisi kubwa atangaze nyota zake anapouza au kupangisha. Mwanzoni ilihusu eneo la mita za mraba 2,000 na zaidi, na mwaka 2017 kiwango kikashushwa hadi 1,000.

Jambo la busara zaidi ni jinsi walivyougawa mzigo. Lifti, taa za korido na mtambo mkuu wa hewa hupimwa kwa mwenye jengo. Taa na kompyuta za ofisini hupimwa kwa mpangaji. Ule ugomvi wa kila mahali, ambapo mwenye jengo hanunui mtambo bora kwa sababu bili inalipwa na mpangaji, na mpangaji hanunui kwa sababu jengo si lake, unakosa pa kujificha. Msimamizi mmoja wa jengo aliniambia kila mwezi wanakaa na mafundi na wasafishaji, wanaweka jedwali mezani, wanatafuta usiku gani umeme ulipanda na kwa nini. Wasafishaji nao? Ndiyo, akasema, wao ndio wanaojua ghorofa ipi huachwa ikiwaka.

Dar es Salaam. Nyumbani joto halipumziki. Usiku wa Januari hauna ubaridi wa kumpa zege kitu cha kunywa, na unyevu wa bahari haututoki, kwa hiyo atakayeiga Eastgate hapa atajenga tanuri. Sisi dawa yetu ni kivuli na upepo. Tembea mitaa ya Uhindini uone zile roshani pana na madirisha ya luva. Tazama Soko la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970, lenye paa za zege zilizokaa kama miavuli ili upepo upite chini yake. Hata baada ya kuungua kwa moto Julai 2021 nilisimama nje nikaona jinsi lilivyofikiriwa na mtu aliyelijua jua la hapa. Kisha tukaja kujenga minara ya vioo inayotazama magharibi, na saa tisa alasiri wapangaji wanashusha mapazia, wanawasha taa, na kiyoyozi kinapigana na jua ambalo tumelikaribisha wenyewe. Inaniuma, maana maarifa ya kulizuia tulikuwa nayo.

Hata hivyo jengo lililokwisha kujengwa halibomolewi, na karibu na Posta, katikati ya mji, nilikutana na mtu aliyeamua kuanza na alilonalo. Ni msimamizi wa jengo la ofisi, mtu mzima.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo uone hesabu zangu.”

Akafungua daftari la kaunta. Wapangaji wake kila mmoja ana mita yake ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anajua uniti zinavyokwenda. Tatizo lilikuwa mita ya pamoja, ya lifti, korido na pampu ya maji, ambayo gharama yake hugawanywa kwenye ada ya huduma bila mtu kuuliza. Alianza kuisoma jioni akitoka na asubuhi akiingia, akaona usiku inakula karibu sawa na mchana. Akafuatilia: wasafishaji waliingia saa mbili usiku, wakawasha ghorofa zote kwa pamoja, wakazima wakimaliza ya mwisho.

Aliwaita, akawaonyesha namba. Dada mmoja kati yao akashauri wasafishe alasiri, mwanga wa jua ukiwepo, waanze na ofisi zinazofunga mapema. Wanawake wenye watoto walifurahi kuwahi nyumbani. Korido sasa hufagiliwa watu wakiwa bado wanapita, na baadhi ya wapangaji walilalamika wiki za mwanzo, hadi mzee alipobandika namba za mita kando ya lifti, wiki hii na wiki iliyopita.

Kampuni yenye jengo bado haijayaandika hayo popote. Mkataba wa usafi unataja zamu ya usiku, na akija msimamizi mwingine anaweza kuufuata kama ulivyo. Mzee anataka utakapohuishwa saa zibadilishwe kimaandishi, na kifungu kiongezwe kwamba msomo wa mita upelekwe kwenye kikao cha wakurugenzi kila robo mwaka pamoja na hesabu ya pango. Rasimu ameshaiandika kwa mkono, akaniomba nimsaidie kuichapa.